Mashine Haijui Kukohoa

"Dokta, mbona unampiga mama yetu?"

Kijana alikuwa ananichungulia kwenye kioo cha ICU. Mimi si daktari, ni mtu wa fiziotherapia, na swali hilo nimelizoea. Nilikuwa nimekunja viganja kama mtu anayeteka maji, nikipigapiga ubavu wa mama yake: pu, pu, pu. Huko kupigapiga ndiko ndugu wanakokukumbuka, na niseme ukweli, ndiko ambako tafiti zimeshindwa kukutetea sana.

Shida ya makohozi inaanzia kwenye mpira. Mgonjwa akishindwa kupumua, huingizwa mpira mdomoni, ukapita katikati ya nyuzi za sauti hadi njia ya hewa, ukaungwa kwenye mashine. Hebu kohoa kidogo, msomaji. Umeona? Pumzi hujaa kifuani kwanza, koo likajifunga, ndipo hewa ikafyatuka. Mwenye mpira koo lake halifungi. Mashine itamsukumia hewa usiku kucha, lakini haijui kukohoa. Ongeza dawa za usingizi na kulala chali siku nzima: makohozi hutuama, sehemu ya pafu hunywea, nimonia ikapata pa kuingilia.

Kwa hiyo kila asubuhi natazama namba za mashine na presha, nasikiliza kifua. Presha ikiyumba, simgusi. Pafu moja likiwa bovu, namlaza ubavu wa pafu zima, bovu likae juu: makohozi yateremke, na damu nyingi ipite kwenye pafu linalofanya kazi. Ukimkuta mgonjwa wako kageuziwa ukutani, hatujamtupa. Anapotoa pumzi, natikisa mbavu. Kisha nesi humwongezea oksijeni, anapitisha mpira mwembamba na kunyonya, sekunde 15 zisizidi, maana hewa nayo hunyonywa.

Siku hizi nahangaikia zaidi misuli. Mwaka 2009, utafiti wa Marekani kwa wagonjwa 104 waliokuwa kwenye mashine ulionyesha kuwa walioanzishiwa mazoezi mapema, asilimia 59 walirudi kujihudumia wenyewe; wengine, asilimia 35. Utafiti mwingine wa 2022 ukatuonya: kuwasukuma kupita kiasi hakukuleta faida, na madhara yaliongezeka. Basi tunakwenda pole pole. Mama yule siku ya nne tulimketisha ukingoni mwa kitanda, watu watatu tukimshika, mpira ungali mdomoni.

Ukiruhusiwa kuingia, nawa mikono, mwite mgonjwa wako kwa jina, mwambie leo ni siku gani. Mpira usiuguse.