Gramu 249: Utangulizi kwa Anayeanza Kupiga Picha kwa Droni

Mtu anayekwenda Kariakoo jijini Dar es Salaam, au barabara ya Luthuli jijini Nairobi, kutafuta droni yake ya kwanza hupokewa na habari za kamera: ina megapikseli ngapi, inatoa video ya 4K au la, picha za jioni zinatokaje. Muuzaji hana kosa kuanzia hapo, kwa kuwa picha ndiyo mteja anayoifuata. Lakini mimi ningependa mazungumzo yaanzie kwenye mizani. Uzito ndio unaoamua droni itakaa angani dakika ngapi, itastahimili upepo gani, itamuumiza kiasi gani mtu ikimwangukia, na katika nchi nyingi, serikali itamdai mwenyewe karatasi zipi. Anayeielewa hesabu ya gramu ameshaingia katika taaluma hii, na mengine yote atayajenga juu yake.

Karibu basi. Taaluma yenyewe ni kongwe kuliko droni. Mwaka 1858 Mfaransa aliyejulikana kwa jina la Nadar alipanda puto karibu na Paris akapiga picha ya kwanza kutoka angani. Miaka 30 baadaye, mwaka 1888, Arthur Batut alifunga kamera kwenye tiara kusini mwa nchi hiyo hiyo. Mwaka 1906, baada ya tetemeko lililoiangusha San Francisco, Mmarekani George Lawrence alitumia msururu wa tiara kuinua kamera ya kilo 20 na ushei, akapata picha pana ya mji ulioteketea. Kisha Julius Neubronner, mfamasia wa Ujerumani, akawafunga njiwa wake kamera ndogo kifuani. Njiwa hakuweza kubeba zaidi ya gramu 75 hivi, na kwa sababu hiyo Neubronner alilazimika kubuni kamera nyepesi sana. Wote hao walishindana na jambo moja: namna ya kuliinua jicho bila kuinua mzigo.

Aliyekuja kuwasaidia wanafunzi wao ni simu ya mkononi. Viwanda vya simu ndivyo vilivyofanya kamera ndogo, vipokezi vya GPS, vihisio vya mwendo na betri za lithiamu viwe vyepesi na vya bei nafuu, na watengenezaji wa droni wakavichukua vikiwa tayari. Kampuni ya DJI ilianzishwa mwaka 2006 mjini Shenzhen, China. Droni yake ya Phantom 3, iliyotoka mwaka 2015, ilikuwa na kilo 1.2. Oktoba 2019 ikaleta Mavic Mini, yenye mikono inayokunjwa, inayoingia mfukoni mwa koti, na uzito wa gramu 249.

Kwa nini 249 na si 260? Mwaka 2015 mamlaka ya anga ya Marekani iliunda kikosi kazi cha kupendekeza droni zipi zisajiliwe. Kikosi hicho kilipiga hesabu ya nguvu ya kitu kinachomwangukia mtu kichwani kutoka juu, kikafikia gramu 250 kama mpaka. Mpaka huo ukaenea: Umoja wa Ulaya, Uingereza na India nazo ziliuchukua kwa namna zao. Tangu hapo mafundi wa Shenzhen wamekuwa wakipunguza gramu mojamoja ili wabaki upande mwepesi. Mfano unaonifundisha zaidi unatoka Japani. Wakati Mavic Mini inatoka, mpaka wa huko ulikuwa gramu 200, kwa hiyo Wajapani waliuziwa toleo la gramu 199. Droni ilikuwa ile ile, ila betri ilikuwa ndogo: muda wa kuruka ulishuka kutoka dakika 30 hadi 18. Mwaka 2022 Japani ikaushusha mpaka hadi gramu 100, na hila ile ikapoteza maana yake.

Hapa lazima niseme wazi, maana wengi wamepata hasara: maandishi ya kwenye boksi yanayosema droni haihitaji kusajiliwa yameandikwa kwa ajili ya nchi nyingine. Kenya ina kanuni zake za mwaka 2020 chini ya mamlaka yake ya anga, KCAA, Tanzania ina za mwaka 2018 chini ya mamlaka yake, TCAA, na Uganda na Rwanda nazo zina mamlaka zao. Katika nchi zetu suala la droni limekaa karibu sana na suala la ulinzi, na kuingiza droni kupitia uwanja wa ndege bila kibali kunaweza kuishia kwa kuiacha mikononi mwa forodha. Hifadhi za wanyama zina marufuku na vibali vyake mbali. Uliza mamlaka ya anga kabla ya kulipa, wala usimwulize muuzaji peke yake. Kanuni hubadilika, na jibu la mwaka juzi linaweza kuwa limepitwa na wakati.

Turudi kwenye mizani, tuone uzito unafanya nini angani. Droni ya panga nne haina mabawa ya kuibeba. Kila sekunde inajishikilia kwa kusukuma hewa chini. Ukiziacha panga zile zile na kuongeza uzito mara mbili, nguvu inayohitajika ili kuelea haiongezeki mara mbili tu, bali karibu mara 2.8. Kwa hiyo betri kubwa si jawabu rahisi, kwa sababu betri nayo ni mzigo. Ile ya DJI Mini 2, iliyoifuata Mavic Mini, ina gramu 86, theluthi nzima ya droni yenyewe, na kiwanda kinaahidi dakika 31 kwa chaji moja. Ahadi hiyo imepimwa pasipo na upepo. Katika kazi halisi panga kutua baada ya dakika 20 au 22, na uichukulie akiba iliyobaki kuwa si yako. Nyanda za juu zina hesabu yao pia: Nairobi iko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na hewa yake ni pungufu kwa takribani asilimia 15 ikilinganishwa na ya Mombasa. Panga hulazimika kuzunguka kwa kasi zaidi ili kubeba gramu zile zile.

Halafu kuna upepo, na hapa ndipo wepesi unapodai malipo yake. Mavic Mini ilitengenezwa kustahimili upepo wa mita 8 kwa sekunde. Mini 2 na ndugu zake waliofuata hufika mita 10 na nukta kadhaa, yaani kilomita 38 hivi kwa saa. Pwani yetu inajua majira ya kusi na kaskazi, na mvuvi hahitaji kufundishwa kwamba upepo wa juu ya mnazi si ule wa mchangani. Mrushaji mgeni husahau. Husimama chini ya mwembe, haoni jani likitikisika, anaipeleka droni mita 80 juu na kuiacha ielekee bahari. Chukua hesabu hii: droni inakwenda mita 10 kwa sekunde, na upepo unavuma mita 7. Ikirudi dhidi ya upepo huo inabaki na mwendo wa mita 3 tu. Kilomita moja, ambayo katika hewa tulivu ingechukua sekunde 100, sasa inachukua dakika tano na nusu, huku mota zikinywa betri kwa nguvu zote. Kifungo cha kuirudisha nyumbani hakiwezi kuumba umeme usiokuwapo. Ndiyo sababu wanaofundisha kazi hii husisitiza uanze safari kwa kuukabili upepo, ili wakati wa kurudi, betri ikiwa imechoka, upepo ukusaidie.

Sasa tunaweza kuzungumza juu ya kuchagua. Chini kabisa kuna vidroni kama Tello, iliyotoka mwaka 2018: gramu 80, dakika 13, haina GPS, na picha zake ni za megapikseli 5. Nje haifai, hata upepo wa asubuhi unaibeba. Lakini kwa darasa ni hazina, kwa sababu mwanafunzi anaweza kuiandikia programu ya kompyuta na kuiona ikitii ndani ya chumba. Mwalimu wa sekondari mwenye fedha kidogo akiniuliza, nitamwelekeza huko bila kusita. Juu yake kuna DJI Neo ya mwaka 2024, gramu 135, inayoruka kutoka kiganjani na kumfuata mwenye nayo. Hiyo inamfaa anayetaka kujirekodi mwenyewe akitembea au akiendesha baiskeli, ila kamera yake imetulizwa kwenye mhimili mmoja tu, na kwenye upepo picha huonyesha.

Kwa wengi wanaoanza, jibu langu ni kundi la gramu 249, na ndani ya kundi hilo kuna mambo mawili nisiyoyalegezea: GPS, na kamera iliyoning'inizwa kwenye mota tatu ndogo zinazoituliza. GPS ndiyo inayoifanya droni isimame mahali pamoja ukiachia vidole, na ndiyo inayoikumbusha ilikotoka. Zile mota ndizo zinazofanya picha itulie wakati chombo kizima kinayumba. Sokoni kuna droni nyingi za bei ya kuvutia zenye nembo kubwa ya 4K ubavuni lakini hazina chochote kati ya hivyo viwili. Video yake hutetemeka, na upepo ukizichukua hazirudi. Afadhali Mini 2 iliyotumika, yenye betri nzima, kuliko kitu kipya cha namna hiyo. Anayeweza kuongeza fedha atapata vihisio vya vikwazo: Mini 3 Pro ya mwaka 2022 huona mbele, nyuma na chini, na Mini 4 Pro ya mwaka 2023 huona pande zote. Ni msaada mzuri, ingawa waya wa umeme na tawi jembamba bado huvipita. Kabla ya hapo, nunua betri mbili za ziada na panga za akiba. Mkono hujifunza kwa saa za kuruka, wala si kwa ubora wa kamera. Na betri hizo usiziache ndani ya gari juani, usizihifadhi zikiwa zimejaa wala tupu kwa wiki nzima, na ukisafiri kwa ndege zikae kwenye begi la mkononi.

Kuna watakaoridhika na picha nzuri za harusi na fukwe, nao wana haki yao. Mimi nawatamania wasomaji wangu hatua moja zaidi, kwa sababu chombo hiki kidogo ni kipimo cha kisayansi. Ipandishe Mini 2 hadi mita 100 na uelekeze kamera chini moja kwa moja: pikseli moja itafunika takribani sentimita 3.5 za ardhi. Picha za bure za setilaiti ya Sentinel-2, ambazo watafiti wetu huzitegemea sana, zina pikseli ya mita 10. Kwa pikseli ya mita 10 unaona shamba. Kwa pikseli ya sentimita 3.5 unaona tuta la muhogo, mfereji ulioziba, ufa wa ukingo wa mto. Piga picha nyingi zinazopishana kwa asilimia 75 au 80, zitie kwenye programu huria ya OpenDroneMap, nayo itaziunganisha ziwe ramani moja yenye vipimo na hata umbo la mwinuko. Angalizo moja: programu za kupanga safari za upimaji hazikubali kila droni nyepesi, kwa hiyo ulizia hilo mapema kama upimaji ndio lengo lako.

Kazi hii imekwisha kufanyika kwetu. Tangu mwaka 2016 Mradi wa Ramani wa Zanzibar uliwashirikisha wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar kuipiga picha Unguja na Pemba kwa droni ndogo za mabawa zilizorushwa kwa mkono. Dar es Salaam, Ramani Huria ilitumia picha za droni pamoja na wanafunzi waliotembea mtaa kwa mtaa, ili maeneo yanayofurika yajulikane kabla ya mvua. Mwaka 2017 watafiti wa Chuo Kikuu cha Aberystwyth, wakishirikiana na programu ya malaria ya Zanzibar, walionyesha kuwa Phantom 3 moja inaweza kupima hekta 30 za mpunga kwa dakika 20, na maji yanayozalisha mbu yakaonekana. Leo kamera iliyo bora kuliko ile hubebwa na droni yenye uzito wa takribani moja ya tano ya Phantom hiyo.

Limebaki jambo la adabu, nalo halimo kwenye mizani. Nyumba za Mji Mkongwe na Lamu zimejengwa kwa hesabu ya macho: ukuta mrefu upande wa njia, uwanda wazi ndani, ili watu wa nyumba wakae kwa stara kwenye ua wao. Droni huondoa ukuta huo kwa sekunde mbili. Kenya ina sheria ya kulinda taarifa binafsi tangu 2019 na Tanzania tangu 2022, lakini hata pasipo sheria, kurusha juu ya ua wa mtu bila hodi ni kumvunjia heshima. Mtafute mjumbe au sheha, eleza unachofanya, waonyeshe wenyeji picha zako, na wakikataa, kunja droni yako.

Anza basi kwenye uwanja mpana wa mpira, saa moja asubuhi, kibali kikiwa mkononi. Rusha usawa wa kichwa chako kwa betri nzima ya kwanza, mbele na nyuma, hadi vidole vizoee droni inapokuelekea na kushoto kwake kuwa kulia kwako. Usipande juu kabla ya hapo.