Paa na Maji: Ukuzaji wa Maua ya Tunguu kutoka Amerika ya Tropiki katika Vitalu Nyumba vya Mlalo

Mwaka 1892 Walter von Saint Paul-Illaire alikusanya Usambara mmea ulioitwa baadaye Saintpaulia, nao ukaenea katika vitalu nyumba vya Ulaya. Maua ya tunguu yamesafiri kinyume chake, yakifuatana na miongozo iliyoandikwa kwa nchi za theluji. Katika miongozo hiyo kitalu nyumba ni chombo cha kutunza joto. Mkulima wa Mlalo anayeifuata neno kwa neno hugharimia kinga asiyoihitaji sana, ilhali adui wake halisi ni maji.

Hippeastrum, yenye asili ya Amerika ya Kusini, hudhihirisha jambo hili. Ua lake huumbika ndani ya tunguu takriban kila baada ya majani manne. Kwa hiyo majani yanayokatwa mapema ni maua yaliyopotea. Baada ya ukuaji, tunguu huhitaji kupumzika pakavu kwa wiki 8 hadi 10, katika joto la nyuzi 13 hivi za Selsiasi. Kipupwe cha Juni hadi Agosti huleta ubaridi unaokaribia huo bila gharama. Kisicholetwa na kipupwe ni ukavu: udongo wa nje hubaki na unyevu wa masika na ukungu, na tunguu huoza shingoni au huendelea kuchipua majani pasipo kupumzika.

Paa la plastiki ndilo linalompa mkulima uamuzi juu ya maji. Kuta, kinyume chake, hazifai kuzibwa. Hewa iliyotuama hustawisha kuvu wa Stagonosporopsis curtisii, anayeacha mabaka mekundu kwenye majani na tunguu. Wavu wenye matundu madogo hutosha, nao huzuia vidukari waenezao virusi vya batobato. Tunguu hupandwa shingo ikiwa juu ya udongo, na kumwagilia hurejeshwa kidogokidogo chipukizi linapoonekana.

Eucharis haiingii katika utaratibu huu. Mmea huo wa misitu yenye kivuli ya magharibi mwa Amazoni hudumu na majani mwaka mzima. Kuukausha kama Hippeastrum ni kuudhoofisha. Kwa huo pekee, kushusha mapazia ya plastiki nyakati za usiku mwezi Julai kuna sababu, mradi yafunguliwe asubuhi kabla mvuke haujaganda juu ya majani.