Fisi wa Masakta ni wa nani?

"Mwalimu, fisi wetu anauzwa mnadani!"

Habari hiyo nililetewa na mtoto wa darasa la awali. Nikaenda kuona. Kweli, kwenye jalada la daftari alisimama yule fisi niliyemchora ukutani mwa darasa letu hapa Masakta: sikio la kushoto limepasuka, shuka ya mistari mitatu ameivaa lubega, kibuyu kinaning'inia kwapani. Walichobadilisha ni rangi tu. Kijana muuzaji alinipokea kwa adabu. "Shikamoo mwalimu," akasema, kisha akaongeza, "lakini fisi ni wa Mungu."

Neno hilo lilininyima usingizi, kwa sababu nusu yake ni kweli. Fisi mlafi, ambaye sisi Wairaqw tunamwita bahaa, nilimpata kwa bibi yangu tukiota moto, naye alimpata kwa bibi yake. Siwezi kumzuia mtu kumchora. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki, Namba 7 ya mwaka 1999, hailindi wazo. Inalinda umbo ambalo msanii amelipa wazo hilo. Ulafi wa fisi si mali yangu. Sikio lile, shuka ile na kibuyu kile, vikikutana katika mwili mmoja, ni vyangu.

Marekani jambo kama hili lilifika mahakama ya rufaa mwaka 1940. Wenye Superman walimshtaki mchapishaji aliyemtoa Wonder Man. Majaji walikubali kwamba mtu wa nguvu za ajabu anayewatetea wanyonge hana mwenyewe. Ila wote wawili walificha nguvu zao ndani ya nguo za kawaida, wote walionekana wakiponda bunduki kwa mikono, na tofauti kubwa ilikuwa kwamba mmoja alivaa bluu na mwenzake nyekundu. Wonder Man akashindwa. Niliposoma habari za rangi zile nililikumbuka daftari.

Uko ugomvi mwingine unaotugusa zaidi, maana umebeba neno letu. Mwaka 1994, Disney walipotoa The Lion King, wachoraji wa Japani walilalamika kwamba Simba amefanana mno na Kimba, mwanasimba mweupe wa Osamu Tezuka, aliyeanza kuchorwa mwaka 1950 na kuingia kwenye televisheni mwaka 1965. Kote kuwili yumo nyani mwenye busara, yumo simba mwovu mwenye kovu, wamo fisi wanaomtumikia. Disney walikana kuiga. Kampuni ya Tezuka haikufungua kesi, kwa hiyo hakuna hakimu aliyeamua. Mimi naona hadithi zenyewe zinaachana: Kimba anahangaika kuwapatanisha wanyama na binadamu, na katika The Lion King binadamu hayumo kabisa. Inasimuliwa pia kwamba Wamarekani walitaka kumwita Kimba "Simba", wakaacha kwa kuwa neno linalotumiwa na kila mtu ni gumu kulimiliki. Hilo lilinifurahisha sana.

Kwetu hakimiliki huanza pale mchoro unapokamilika, bila kusubiri usajili, na hudumu maisha yote ya msanii na miaka 50 baada ya kifo chake. Ukisajili COSOTA, ofisi ya hakimiliki, unajipatia ushahidi, na ushahidi ndio unaotusumbua sisi tunaochora kwenye kuta zinazopakwa chokaa upya. Nawasihi wachoraji wenzangu wa Mbulu na Katesh: anzeni kwenye karatasi, andikeni jina na tarehe, pigeni picha kabla ya kugusa ukuta.

Karatasi yangu niliikuta ndani ya daftari la mahudhurio la zamani, imechorwa kwa penseli, tarehe iko pembeni. Lakini ushahidi mkubwa zaidi uko ukutani. Siku ile nikimpaka fisi, rangi ilichuruzika chini ya kibuyu, nami nikaiacha ikakauka. Nimelitazama tena lile jalada. Chini ya kibuyu, mchirizi ule upo, umechorwa kwa uangalifu mkubwa.