Magunia Makuukuu Yanajenga Ukuta

Wengi wetu tunalala chumba kimoja na watoto wetu. Tunangoja pesa za matofali. Pesa haziji, na watoto wanakua. Je, tungoje mpaka lini?

Ukuta wa ndani haubebi paa wala haupigwi na mvua. Basi tunaweza kuujenga kwa vitu vikuukuu.

Tafuta magunia ya katani, fito, na misumari ya zamani. Inyoshe kwa nyundo. Simamisha nguzo juu ya mawe, zisiguse udongo wenye mchwa. Funga vichwa vyake kwenye boriti za paa. Pigilia fito. Fumua magunia, yachovye katika uji wa udongo, kisha yawambe juu ya fito. Yakikauka, yakandike kwa udongo, mchanga na majani makavu yaliyokatwakatwa. Jaribu sehemu ndogo kwanza. Udongo ukipasuka, ongeza mchanga. Juu acha nafasi ya hewa.

Lakini tuangalie sana! Mifuko ya nailoni hushika moto upesi, tena udongo haugandi juu yake. Magunia na madebe yaliyotiwa dawa ya wadudu tusiyaingize ndani kabisa. Hata ukiyaosha, sumu hubaki. Mabati ya asbesto nayo tusiyakate wala kuyavunja. Vumbi lake huingia mapafuni, na baada ya miaka mingi huleta saratani.

Ukuta huu ni wa kuwasitiri watoto wetu. Usije ukawaua.