Karamu ni ya usiku mmoja, karo ni ya miaka minne

Kadi za mwaliko zimekuwa nyingi. Kila baada ya muda utasikia kuna karamu ya kuchangia masomo ya vijana wasiojiweza: meza moja bei kadhaa, kuna mnada na msanii wa kutumbuiza. Si vibaya. Lakini wasomaji wangu huniuliza, pesa zile huenda wapi? Leo nauchukua mji wa Eldoret kuwa mfano, kwa sababu umeona mchango uliodumu na mchango uliowaliza watu.

Tuanze na hesabu. Kiwango cha karo kilichowekwa na serikali mwaka 2023 kwa shule za kitaifa za bweni kilikuwa shilingi 53,554 kwa mwaka. Kidato cha kwanza hadi cha nne ni shilingi 214,216, bado sare, godoro na nauli. Karamu ikimlipia mtoto muhula mmoja kisha ikamwacha, mtoto yule hurudishwa nyumbani muhula wa pili, na aibu juu.

Sasa tazama mfano mwema. Mzee Kipchoge Keino, aliyeshinda dhahabu ya Olimpiki mwaka 1968 kule Mexico na 1972 kule Munich, pamoja na mkewe Phyllis walianza kwa kulea mayatima nyumbani kwao. Yakafuata makao ya watoto, kisha shule ya msingi na sekondari. Wafadhili walichangia, ndiyo, lakini wenyewe walikuwa na shamba. Hata mfadhili akichelewa, sufuria ilibaki jikoni. Mwaka 2016 kule Rio, Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki ilimtunuku kwa kazi hiyo.

Mji ni ule ule, lakini kisa cha pili ni kingine. Mwaka 2021 kaunti ya Uasin Gishu ilianzisha mpango wa kupeleka vijana kusoma Finland. Wazazi waliuza ng'ombe na mashamba, wengine wakafanyiwa harambee na majirani. Pesa zikalipwa kupitia kaunti. Ilipofika 2023, kuna waliokuwa Finland wakitishiwa kufukuzwa vyuoni kwa karo isiyofika, na wengine hawakusafiri kabisa. Agosti mwaka huo wazazi waliandamana Eldoret. Viongozi kadhaa walishtakiwa na wakakana. Hukumu ni ya mahakama. Linalotuhusu sisi ni kwamba aliyetoa ng'ombe wake hakuwa na njia ya kujua pesa zimefika wapi.

Na sisi Wapwani tusiangalie kama wageni. Taasisi ya Elimu ya Kiislamu ya Mombasa, MIOME, iliyopokea wanafunzi mwaka 1951, ilijengwa kwa michango: Sultani wa Zanzibar, Aga Khan, jamaa wa Kibohora na serikali ya wakati ule. Leo ndiyo Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa. Pia tuna wakfu. Mtu huacha nyumba, kodi yake ikasomesha watoto wa watu miaka na miaka baada ya yeye kuzikwa. Mzee wa Eldoret na shamba lake, kwa maoni yangu, alifanya jambo la namna hiyo hiyo.

Basi ukiletewa kadi, uliza mambo matatu kabla ya kutoa. Akaunti ni ya nani, na nani wanatia saini? Ukumbi na chakula vimekula kiasi gani? Na mtoto atalipiwa mpaka lini? Mwandalizi mwaminifu hatakasirika, atakuonyesha karatasi. Asipokuwa na jibu, chukua pesa za meza ile, nenda shuleni mtaani kwako, umlipie mtoto mmoja kwenye akaunti ya shule. Chukua risiti, na muhula ujao urudi tena.