Raba za Mbio: Shilingi ya Mkimbiaji wa Gusii Iende Wapi?

Mzazi akitaka kumnunulia mtoto viatu vya kukimbilia, swali la kwanza si bei. Ni hili: atakimbilia wapi?

Chukua raba zenye bamba la kaboni. Nike Vaporfly zilipotoka mwaka 2017 ziliuzwa dola 250, na vipimo vya maabara vilionyesha zinampunguzia mkimbiaji nguvu anayotumia kwa takriban asilimia 4. Hiyo ni kwenye lami. Soli ya raba hizo ni nene na laini. Sheria za riadha zimeiwekea kikomo cha milimita 40 katika mbio za barabarani. Teremka nazo miinuko ya Manga baada ya mvua, kwenye udongo mwekundu, uone kifundo cha mguu kitakavyokuwa.

Sasa tupige hesabu kwa kilomita. Mwaka 2023 Adidas walileta Adizero Adios Pro Evo 1, gramu 138, dola 500, iliyoundwa kwa marathoni moja. Dola moja ikiwa shilingi 129, hizo ni kama shilingi 1,500 kwa kila kilomita ya mashindano! Raba mpya ya mazoezi ya dola 100 ikienda kilomita 600, unalipa kama shilingi 22. Ya mitumba ukiipata soko la Daraja Mbili kwa 3,000, nayo ikabakiza kilomita 400, ni shilingi saba na nusu. Lakini ikague: ikunje, na ikijikunja katikati badala ya kwenye vidole, irudishe. Bonyeza soli kwa kidole gumba; ikiwa ngumu kama mti, imekufa hata kama juu inang'aa.

Njumu za mbio ni hesabu nyingine, kwa sababu pini zake hutegemea uwanja. Naftali Temu aliiletea Kenya dhahabu yake ya kwanza ya Olimpiki mwaka 1968, mita 10,000, Mexico, ambako Olimpiki ilikimbiwa kwa mara ya kwanza kwenye njia iliyotandikwa mpira wa sintetiki badala ya changarawe. Uwanja wa namna hiyo huruhusu pini za milimita 9 tu kwa mbio, ilhali wa udongo huruhusu hadi 25. Kwa hiyo tafuta njumu zenye pini za kufungua, ununue seti mbili. Pini ni rahisi kuliko njumu nyingine.

Yobes Ondieki, mzaliwa wa Kisii, alivunja dakika 27 za mita 10,000 mjini Oslo mwaka 1993. Bamba la kaboni halikuwamo katika viatu vyake. Kama pesa ni za jozi moja, basi mimi ningenunua ya mazoezi.