Kumtunza mzee mwenye baridi yabisi nyumbani

Kericho na Bomet ziko kwenye nyanda za juu, na asubuhi katika mashamba ya chai huwa za baridi. Mzee akilalamika kwamba vidole vimekaza, wengi husema ni baridi, ni umri, au ni miaka mingi ya kuchuma chai. Hata jina la Kiswahili, baridi yabisi, huelekeza fikira huko.

Baridi huweza kuzidisha maumivu, lakini siyo inayoleta ugonjwa. Ipo aina ya baridi yabisi iitwayo rumatoidi, ambayo hutokea kinga ya mwili inapoushambulia utando laini ulio ndani ya viungo. Utando huvimba, na usipotibiwa, gegedu na mfupa huliwa polepole hadi vidole vikapinda. Kiungo kikishapinda, dawa haiwezi kukinyoosha. Kwa hiyo mgonjwa anapaswa kupimwa mapema.

Dalili za kuangalia

Viungo vilivyochakaa kwa umri au kazi huuma zaidi vikitumika, na hupata nafuu mzee akipumzika. Rumatoidi ni kinyume: viungo hukaza baada ya kulala, na huchukua zaidi ya nusu saa kulegea asubuhi. Uvimbe huonekana zaidi kwenye vidole na vifundo vya mikono, mara nyingi pande zote mbili. Mgonjwa huchoka sana hata asipofanya kazi. Wanawake huupata zaidi kuliko wanaume.

Familia zinazofuga zikumbuke pia homa ya brusela, inayoambukizwa kwa maziwa yasiyochemshwa au kwa kugusa mifugo iliyoharibu mimba. Nayo huleta maumivu ya viungo, pamoja na homa na jasho, na matibabu yake ni tofauti kabisa. Kununua dawa bila kupimwa ni kubahatisha.

Mahali pa kuanzia ni zahanati au kituo cha afya kilicho karibu. Mhamasishaji wa afya ya jamii anaweza kuielekeza familia. Mgonjwa anayehitaji uchunguzi zaidi hupewa rufaa, kwa mfano hadi hospitali ya rufaa ya Kaunti ya Kericho au ile ya Longisa, Bomet. Familia ihakikishe mapema kwamba mzee amesajiliwa na Mamlaka ya Afya ya Jamii (SHA), iliyochukua nafasi ya NHIF Oktoba 2024. Usajili hufanywa kwa simu kupitia *147#. Kwa huduma za hospitali, michango nayo iwe imelipwa.

Dawa ya mara moja kwa wiki

Dawa inayotumiwa sana kuzuia rumatoidi ni methotreksati. Humezwa mara moja tu kwa wiki. Mzee aliyezoea kumeza dawa ya presha kila asubuhi anaweza kuichanganya nayo, na kosa hilo huweza kuua, kwa sababu dawa hii ikizidi huharibu uboho unaotengeneza damu.

Familia ichague siku moja isiyosahaulika, kwa mfano Jumapili baada ya kanisa au siku ya soko. Siku hiyo iandikwe kwenye pakiti, dawa iwekwe mbali na nyingine, na mtu mmoja awe na jukumu la kuitoa. Mzee mwenyewe aelezwe sababu. Daktari huagiza pia vidonge vya foliki na vipimo vya damu mara kwa mara ili kukagua ini na chembe za damu. Pombe iepukwe.

Dawa hii huchukua wiki kadhaa kuonyesha nafuu, na wengi huiacha wakidhani haifanyi kazi. Isiachwe bila kumwuliza daktari. Mgonjwa akipata homa, vidonda mdomoni, shida ya kupumua au kutokwa damu, apelekwe hospitalini siku hiyo hiyo.

Dawa za maumivu kama diklofenaki na ibuprofeni zisinunuliwe kiholela. Hutuliza maumivu bila kuzuia uharibifu wa viungo, na kwa mzee huweza kuleta vidonda vya tumbo, kuumiza figo na kupandisha presha. Daktari aambiwe pia kuhusu mitishamba inayotumiwa.

Msaada wa kila siku

Asubuhi, mikono ikichovywa kwenye maji ya uvuguvugu hulegea upesi. Mtungi wa lita 20 ubadilishwe kwa midogo miwili. Mpini wa kisu au jembe ufungwe kitambaa uwe mnene, na chooni pawekwe kitu imara cha kushikilia. Mazoezi mepesi na kutembea husaidia, ila kiungo kilichovimba na kupata joto kipumzishwe. Anayevuta tumbaku asaidiwe kuacha, kwani huzidisha ugonjwa.

Msaada usimwondolee mzee nafasi yake. Kogo anayetaka kukamua ng'ombe siku anayojisikia vizuri aachwe akamue, na siku viungo vimekaza mwingine achukue ndoo bila lawama. Ugonjwa huu hupanda na kushuka, kwa hiyo aliyefanya kazi jana na kushindwa leo hajifanyi mgonjwa.

Kliniki nako, mzee apewe nafasi ya kusema kwanza, hata ikibidi atafsiriwe kutoka Kipsigis. Anayemsindikiza abebe pakiti zote za dawa anazotumia, na asiondoke kabla ya kujua tarehe ya kipimo cha damu kinachofuata.